Milo kumi kwa wiki, na Ramadhani njiani

Chuo cha mwanangu kinaturuhusu kubadilisha mpango wa chakula wa muhula wa pili mpaka Ijumaa ya wiki hii. Ijumaa ikipita, tulichochagua ndicho tutakacholipia hadi Mei, mtoto ale asile. Katikati ya haya jirani yangu amenipigia simu. Ni mama wa Kikongo aliyeishi Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku Ohio, na binti yake anaanza chuo Januari hii. Alikuwa ameshika barua ya chuo. "Dada, hii karatasi iko inasema dola elfu mbili na mia saba ya chakula tu. Ni ya lazima? Nilipe yote?"

Nilimjibu kwenye simu, na jibu langu kwake halikuwa sawa na nililoamua nyumbani kwangu. Kwa kuwa najua tuko wengi tunaozipokea hizi barua kwa lugha ya wenyewe na tarehe zao fupi, naandika hapa nilivyofikiri.

Kwanza niseme nasimamia wapi. Nafanya kazi jikoni, kwenye bwalo la chuo kidogo hapa mjini. Si chuo anachosoma mwanangu, yeye yuko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Kazi yangu ni upande wa moto: wali, supu, kuku, mboga za asubuhi na mayai. Kwa hiyo hili jambo nimeliona kutoka pande zote mbili za kaunta, kama anayepika na kama anayelipa.

Kwa asiyejua utaratibu: vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelala bwenini anunue mpango wa chakula pamoja na kitanda. Unalipa mwanzo wa muhula, mtoto anagonga kadi mlangoni mwa bwalo, mlo mmoja unakatwa. Ndani anapakua mpaka ashibe, ila hatoki na sahani. Kwa mwanangu bei ni hizi. Kuingia bila kikomo, dola 2,940 kwa muhula. Milo 14 kwa wiki, dola 2,730. Milo 10 kwa wiki pamoja na dola 300 ndani ya kadi za kununulia vitu kwenye mkahawa na duka la chuo, dola 2,325. Upo na mpango mdogo wa milo 50 kwa muhula mzima, lakini huo ni wa wanaokaa nje. Wa mwaka wa kwanza haruhusiwi hata akiomba. Na ikifika Jumapili usiku, mlo wa wiki ambao haukuliwa unafutwa. Hauhamii wiki inayofuata, wala pesa yake hairudi.

Hilo la Jumapili usiku ndilo lililo muhimu kuliko bei yenyewe.

Nieleze ninachokiona kazini. Wiki mbili za mwanzo, Agosti, watoto wanajaa asubuhi. Wamelala mahali pageni, wameamka mapema, wanakuja makundi kwa makundi. Ikifika Oktoba baridi imeanza kuuma, mitihani ya kati imekaribia, na asubuhi ninapopanga mayai naona sura zile zile: wanamichezo, wenye vipindi vinavyoanza saa mbili asubuhi, na walimu wachache. Wengine wote wamelala, au wamekunywa kahawa wakiwa njiani. Mchana panajaa. Jioni panajaa zaidi. Jumamosi na Jumapili kifungua kinywa na chakula cha mchana vinaunganishwa kuwa kitu kimoja, na wengi wanatokea saa saba mchana macho yamevimba. Mtoto wa aina hiyo, na ndio wengi, anakula milo miwili kwa siku za kazi na mmoja au mmoja na nusu kwa siku za mapumziko. Hesabu hiyo haifiki ishirini na moja, na mara nyingi haifiki hata kumi na nne.

Wanaopanga bei wanalijua hili. Mabwalo ya vyuo vingi yanaendeshwa na kampuni kubwa, Sodexo, Aramark, Compass, na mengine na vyuo vyenyewe. Yeyote anayeendesha, bei hupangwa huku ikijulikana kuwa sehemu fulani ya milo haitaliwa. Si wizi, jiko linawashwa na sisi tunalipwa hata wakija nusu. Lakini mzazi anapogawa bei kwa idadi ya milo iliyoandikwa, anapata gharama ya mtoto asiyeruka mlo hata mmoja, na mtoto huyo mimi sijamwona.

Tazama hesabu yetu. Muhula ukitoa likizo una wiki 15 za kula. Milo 14 mara 15 ni 210. Dola 2,730 ukigawa kwa 210 ni dola 13 kamili kwa mlo. Milo 10 mara 15 ni 150. Toa zile dola 300 za kadi, zinabaki 2,025, ukigawa ni dola 13 na senti 50. Kwa hiyo kwenye karatasi mpango mkubwa ndio rahisi, na ndivyo walivyouandika kwenye barua, kwa herufi nene. Sasa mchukue mtoto anayekula milo 11 kwa wiki. Akiwa kwenye ule wa 14, mlo mmoja umemgharimu dola 16 na nusu. Na mgeni yeyote akitembea mpaka mlangoni pale bila mpango wowote analipa dola 10 asubuhi, 13 mchana, 15 jioni. Yaani umelipa mapema, kwa mkupuo, kwa bei iliyozidi ya mpita njia.

Ndiyo maana Julai, kabla ya kuchagua chochote, nilimkalisha mwanangu mezani na ratiba yake ya vipindi. Hatukuzungumzia bei kwanza. Nilimwambia aandike siku kwa siku: unaamka saa ngapi, kipindi wapi, bwalo liko umbali gani kutoka hapo, linafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ana kipindi saa mbili asubuhi upande wa pili wa chuo; bwalo linafunguliwa saa moja. Nikamuuliza, utaamka kumi na mbili na nusu kwa ajili ya uji wa shayiri? Alicheka akasema, "Mama, unanijua." Jumanne na Alhamisi ana kazi maktaba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, na bwalo linafungwa saa moja na nusu. Chakula cha usiku siku hizo hakipo. Tukajumlisha milo iliyobaki: kumi, labda kumi na mmoja. Zile dola 300 za kadi tukazitazama upya, kwa sababu mkahawa wa maktaba unazipokea. Jumanne na Alhamisi zikawa ndizo chakula chake: mkate wenye samaki na chai.

Tukachukua kumi. Muhula umekwisha, na kwenye programu ya simu inaonyesha wiki nyingi alimaliza yote kumi, chache alibakiza mmoja.

Lakini sitaki msomaji aondoke akidhani kazi ya mzazi hapa ni kubana tu. Kuna jambo ambalo hesabu hii haionyeshi, na nalishika kwa uzito kuliko dola zote nilizotaja. Mtoto akiwa mbali, njaa yake huioni. Kwa simu atakuambia "nimekula" kwa sauti ile ile, awe amekula wali na kuku au pakiti ya biskuti. Nimewaona kazini wale waliochukua mpango mdogo kuliko tumbo lao: Alhamisi milo imekwisha, wanapita mlangoni na wenzao, wenzao wanaingia, wao wanasema hawana njaa. Aliyesimama na mwiko miaka kadhaa anaijua sura ya mtoto anayesema hana njaa. Darasani haelewi, usiku halali, matokeo yanashuka, na ufadhili unaanza kutetereka. Dola mia nne ulizookoa zinakuwa zimekula kitu kikubwa kuliko zenyewe.

Na kuna hili la kukaa pamoja. Mwanangu alitaka ule wa bila kikomo, na sababu yake haikuwa chakula. Alisema wenzake wanakwenda bwaloni saa kumi na mbili, wanakaa mpaka wanafukuzwa, wanarudi asubuhi kunywa kahawa tu, na mwenye milo ya kuhesabu anajitenga bila kupenda. Sikumpuuza. Kwetu Tanga mtoto hali peke yake. Sinia linawekwa chini na mikono mitano inaingia. Marafiki aliowapata mwaka huu kawapatia pale mezani. Ningekuwa na mtoto mwanamichezo, au mkimya anayejifungia chumbani, ningelipa ile dola 615 ya ziada kwa muhula na nisingeihesabu kuwa imepotea. Huyu wangu hajifungii. Ana kazi, ana msikiti, ana watu. Kwake tofauti ile ilikuwa ya starehe, na starehe yenyewe ingetoka kwenye mkopo.

Kuhusu mkopo niseme wazi kwa sababu wengi wetu tunadhani mkopo ni wa ada tu. Chakula na malazi vimo ndani ya gharama ambazo chuo kinazihesabu, kwa hiyo pesa zinazoombwa kwa FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kwa masomo, yaani misaada na mikopo, zinaweza kulipia bwalo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikali kuu hadi dola 5,500, na katika hizo zisizozidi 3,500 ndizo ambazo serikali inaweza kumlipia riba akiwa masomoni. Zilizobaki riba inaanza kutembea tangu siku zinapotolewa. Kwa mikopo ya mwaka wa masomo 2025–26 riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 6.39. Tofauti ya ule mpango wa 14 na wa 10 ni dola 405 kwa muhula, 810 kwa mwaka. Ukizikopa, ni karibu dola 52 za riba kila mwaka, kwa ajili ya mayai ambayo alikuwa amelala yalipopikwa. Nilipomwonyesha hili hakubishana tena, maana mkopo una jina lake.

Kuna wanaoniambia, mwache apike. Najua kupika ni rahisi zaidi. Kiwango cha juu cha msaada wa chakula wa serikali, SNAP, kwa mtu mmoja kuanzia Oktoba 2025 ni dola 298 kwa mwezi, na kimejengwa juu ya makadirio ya serikali yenyewe ya kikapu cha bei nafuu. Miezi minne ni dola 1,192, nusu tu ya mpango wetu mdogo. Mchele, maharage, kuku wa halali, dagaa kidogo, unaishi vizuri. Ila mtoto yuko bwenini. Bweni lao lina jiko moja chini kabisa kwa ghorofa zote, na jiko la umeme la chumbani ni marufuku. La kupikia wali tuliuliza, nalo hapana. Akihamia nyumba ya kupanga mwaka wa pili atapika, na atachukua ule wa milo 50 kwa ajili ya mchana akiwa vipindini. Mwaka huu habari hiyo haipo.

Sasa jirani yangu. Swali la kwanza nililomuuliza halikuwa binti anakula kiasi gani. Nilimuuliza: nani analipa, na kikibaki kinarudi kwa nani? Nikamwomba anisomee barua yote, mstari kwa mstari. Binti amepata Pell, msaada wa masomo wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ambao kwa mwaka wa masomo 2025–26 mwisho wake ni dola 7,395 na haurudishwi, na juu yake chuo kimempa ufadhili wake chenyewe. Hapa ndipo penye tofauti. Pesa ya Pell ikizidi ada na chakula, inayobaki anapewa mwanafunzi, ananunulia vitabu na nauli. Kwa hiyo ukipunguza mpango, kinarudi mkononi mwake. Lakini ufadhili mwingine umeandikwa kabisa kuwa ni wa chakula na malazi; ukichagua mpango mdogo, ufadhili nao unapungua, na hujaokoa hata senti. Wa binti huyu ulikuwa wa aina hii ya pili. Barua ilisema hadi milo 14.

Nikamwambia, "Dada, chukua kumi na nne. Yote." Binti hana gari, hana ndugu karibu, chuo kiko mji mdogo ambao duka la karibu la vyakula ni la kituo cha mafuta. Asubuhi asiyoweza kuamka, potelea mbali, jioni asikose. Nikamwongezea mambo mawili. La kwanza, kwa kuwa familia yake inapata SNAP: mtu anayepata zaidi ya nusu ya milo yake kutoka kwenye taasisi hahesabiwi kwenye msaada huo, kwa hiyo awaarifu ofisi kuwa binti amehamia chuoni kabla hawajamuuliza wao. La pili, aangalie kalenda ya bwalo na si kalenda ya masomo. Likizo ya Machi bwalo linafungwa wakati mabweni mengine yako wazi, na hapo ndipo watoto wa mbali wanapobaki na mashine ya soda. Binti atakuja kwangu likizo hiyo. Tumeshakubaliana.

Nilimtajia pia kwamba vyuo vingi sasa vina ghala la chakula la wanafunzi, na vingine vinawaruhusu wenye milo iliyobaki kuwapa wenzao. Shirika linaloeneza utaratibu wa namna hii, ambalo sasa linaitwa Swipe Out Hunger, lilianzishwa na wanafunzi wa UCLA, chuo kikuu kule California, mwaka 2010, na limeenea vyuo mamia. Chuo cha mwanangu wanao: kabla ya Jumapili usiku unaweza kuutoa mlo wako. Ule mmoja anaobakiza wiki nyingine, nimemwambia autoe.

Imebaki Ramadhani, na hii ndiyo iliyonifanya nifikirie upya kabla ya Ijumaa. Mwaka huu wa 2026 inaingia Februari 18 au 19, muhula ukiwa katikati. Mchana hakuna kula, kwa hiyo mtu anaweza kudhani mpango upunguzwe. Nilikaa na saa za jua na saa za bwalo, nikaziweka pamoja. Mwanzoni magharibi huku inaingia kama saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, na bwalo liko wazi mpaka saa moja na nusu. Anafuturu, anaswali, anarudi kula kwa utulivu. Lakini Machi 8 saa zinasogezwa mbele. Kuanzia usiku huo magharibi ni karibu saa moja na nusu, yaani dakika ile ile wanayofunga mlango. Na daku ni kabla ya alfajiri, wakati hakuna bwalo lolote lililo wazi. Milo kumi ya kulipia, na kwa siku kumi na kitu hakuna hata mmoja anaoweza kuula kwa wakati wake.

Nilimwambia asiandike barua ya kulalamika, aende mwenyewe kwa msimamizi wa bwalo na karatasi ya saa, pamoja na wenzake wa msikitini, mapema, kabla ya mwezi. Najua kutokana na kazi yangu kwamba jikoni jambo kama hili si gumu likijulikana wiki tatu kabla, na ni gumu sana likijulikana siku ile. Wamekubaliana hivi: mwezi wote wa Ramadhani waliojiandikisha watapewa visanduku vya kuondoka navyo jioni, wakigonga kadi mara moja kwa futari na mara moja kwa daku. Futari saba kwa wiki, daku tatu, hiyo ndiyo kumi. Daku zilizobaki nitampelekea mimi: tende, mikate ya sinia ya kugandisha, na maharage ya nazi kwenye vikopo vya kupashia moto, maana mashine ya kupashia chumbani inaruhusiwa. Kuhusu nyama, waliahidi kuku wa halali siku nne kwa wiki, siku nyingine samaki au kunde. Nimeridhika.

Kwa hiyo hatubadilishi. Kumi inabaki kumi mpaka Mei.

Wewe ambaye mwanao ameshapitisha Ramadhani mbili tatu chuoni huku, hasa hizi za Machi zenye saa kusogezwa, niandikie: bwalo lao lilifungwa saa ngapi, walipewa daku au hapana, na nani chuoni mliyemwendea akawasikiliza. Nitawakusanyia akina mama wa msikitini kwetu. Wako wanne ambao watoto wao wanaanza Agosti, na barua zao zitaanza kufika Mei.